Supu ya asubuhi nusura iitwe saratani: uchambuzi wa kisa cha vifuko vya seli, Dar es Salaam

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya wanafunzi wa maabara na vijana wanaoingia kwenye utafiti wa vipimo vya saratani, maana swali linalokuja kila mara ni lile lile, nanoteknolojia imefika wapi na mbona hatuoni kipimo mtaani. Majina ya watu, ya taasisi na mwaka nimeyaondoa, vitu vichache vidogo nimevibadilisha ili wahusika wasijulikane, na wenyewe wameridhia kiandikwe. Mimi sikuwa kwenye timu. Niliitwa baadaye kuangalia ubora wa data, kazi ambayo kwa kawaida haikupatii marafiki.

Hivi vifuko ni vitu gani

Seli za mwili, nzima kwa mbovu, zinatema vifuko vidogo vilivyozungukwa na utando wa mafuta. Ndani kuna protini, kuna RNA, ile nakala ya maagizo ya jeni, kuna vipande vya yale yaliyokuwa yanaendelea kwenye seli iliyokitema. Vile vidogo vinavyoitwa eksosomu vina upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi, wakubwa zao wanafika 1000, na nanomita moja ni milimita moja umeigawa mara milioni, kwa hiyo ile darubini ya kuangalia malaria pale dispensari haikusaidii kitu hapa.

Mwaka 1983 watafiti wa Marekani na Kanada, kila timu kivyake, waliona seli changa za damu nyekundu za panya na kondoo zikitema hivi vifuko, na kwa miaka mingi watu wakachukulia ni njia ya seli kutoa taka zake nje. Mwaka 2007 timu ya Sweden ikaonyesha kwamba vifuko vinabeba RNA na kuipeleka seli nyingine ambayo inaisoma na kuitumia. Hapo ndipo watu wa saratani wakaamka. Maana uvimbe ili uujue vizuri lazima uchomwe sindano uchukuliwe kinyama, lakini kifuko kilichotoka kwenye huo uvimbe kinazunguka kwenye damu, kwenye mkojo, mpaka kwenye mate.

Shida ni udogo na uchache, na nanoteknolojia inaingia hapo. Mwaka 2014 watafiti wa Boston walitoa kifaa chenye vitundu vya nanomita kwenye utando wa dhahabu, kifuko kikinasa pale mwanga unaopita unabadilika, wakakijaribu kwenye maji ya tumbo ya wagonjwa wa saratani ya ovari. Mwaka 2017 timu ya Nagoya, Japani, ilitumia nyuzi za zinki oksaidi nyembamba mno kunasa vifuko vya kwenye mkojo. Na usidhani haya ni mambo ya mbali, kile kimstari chekundu unachokiona kwenye mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ni chembe za dhahabu za saizi ya nano zilizobeba antibodi, protini inayoshika kitu kimoja maalumu. Nanoteknolojia tunayo kwenye droo za dispensari, ila hatuiiti hivyo.

Timu na mpango wao

Walikuwa vijana wachache, mwanafunzi wa uzamili mmoja, daktari mmoja wa njia ya mkojo, mtafiti mkuu mmoja, na fungu dogo la hela. Walichagua saratani ya tezi dume, na sababu zilikuwa za maana. Kwanza kipimo cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kinapanda hata kama mtu ana uvimbe wa kawaida wa uzee au maambukizi tu, kwa hiyo wengi wanachomwa sindano ya kuchukua kinyama bila sababu. Pili, kila mtu anajua wanaume wa hapa wanavyokiogopa kipimo cha kidole, mzee anakuja kliniki akishasikia habari ya kidole anakumbuka ghafla ana msiba Kibiti. Tatu, mfano upo. Mwaka 2016 Marekani walichapisha matokeo ya kipimo cha mkojo kinachosoma RNA ya jeni tatu, ERG, PCA3 na SPDEF, kutoka kwenye eksosomu, bila kidole, kikilenga wanaume wa miaka 50 na kuendelea wenye PSA ya katikati ambao daktari anasitasita kuwachoma.

Mbona basi hawakukopi kile kile? Hapa nawasifu, waliona kitu ambacho wengi hawakioni. Ile ERG inapata nguvu yake kwenye muungano wa jeni, TMPRSS2 kuungana na ERG, na muungano huo kwa wanaume wenye asili ya Afrika unaonekana kwa uchache kuliko kwa Wazungu. Ukikileta Dar kama kilivyo unaweza ukawa umeleta kipimo ambacho jicho moja limefumba. Kwa hiyo wakasema tuanze na swali jepesi, je, idadi ya chembe kwenye plazima, yale maji ya damu yanayobaki seli zikiondolewa, inatofautiana kati ya wenye saratani na wasio nayo, halafu tuweke na karatasi ya kupima, mfano wa mRDT, yenye chembe za dhahabu zilizobeba antibodi ya CD63, protini ya kwenye utando wa vifuko, na kwenye mstari kuna antibodi ya PSMA, protini inayojaa kwenye seli za tezi dume. Kifuko cha kutoka tezi dume kikipita, kinashikwa na vyote viwili, mstari unawaka.

Kuhesabu chembe walitumia mashine ya leza ya washirika wao. Inamulika tone la plazima iliyozimuliwa, kamera inafuatilia kila kidoa kinavyocheza kwenye maji, kidogo kinacheza haraka, kikubwa kinajivuta, na kutokana na mchezo huo inakadiria saizi na idadi. Mashine nzuri kabisa. Ila ni konda wa daladala, anahesabu vichwa, hajui nani mwalimu nani mwizi.

Mambo yalivyokwenda

Wagonjwa walipatikana siku za kliniki. Hawa ni wazee waliothibitishwa kwa kinyama na hawajaanza dawa, wengi wanatoka mbali, Chanika, Mkuranga, Bagamoyo, wameamka saa kumi alfajiri, wamefika wamechoka wanasubiri foleni, na pale nje ya geti kuna mama ntilie ana supu na chapati za moto ambazo hata mimi nisingezipita. Damu yao ilikuwa inachukuliwa kuanzia saa nne hivi, wakishaonana na daktari.

Kundi la kulinganisha lilipatikana sehemu nyingine ya mji, wanaume wa umri unaokaribiana waliokuja kupima sukari na mafuta. Na mtu anayekuja kupima sukari na mafuta anaambiwaje? Aje bila kula. Damu ikachukuliwa saa moja asubuhi, kwenye tyubu ya kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kule, wakati wagonjwa walichukuliwa kwenye tyubu ya zambarau. Tyubu zikafungwa kwenye deli lenye barafu, bodaboda akazileta maabara kuu, foleni ikiwa nzuri zinafika mapema, foleni ikiwa ya mvua zinafika zimeshakaa sana.

Matokeo ya kwanza yalipotoka watu walishangilia, na sishangai. Grafu ilikuwa na maboksi mawili ambayo hayagusani kabisa, wenye saratani juu, wenzao chini. Picha ya ile grafu ilizunguka kwenye grupu la WhatsApp usiku huo huo, na mpaka asubuhi kuna mtu ameshaandika muhtasari wa kupeleka kwenye kongamano na mwingine anauliza habari ya hataza. Karatasi yenyewe, ile yenye dhahabu, ilikuwa inasuasua, mistari mingine imewaka mingine haikuwaka bila mpangilio unaoeleweka, ila kwa vile ile ya mashine ilikuwa tamu, hii ya karatasi iliwekwa kando kama tatizo la kiufundi litakalorekebishwa.

Mtafiti mkuu ndiye aliyeomba mtu wa nje aangalie data kabla ya kutuma. Nadhani tumbo lake lilishamwambia kitu.

Kauntabuku

Nilipewa faili la Excel, safi, limepangwa. Namba ya mshiriki, umri, PSA, idadi ya chembe, saizi ya wastani. Hakukuwa na saa ya kuchukua damu, hakukuwa na saa ya kuspini, yaani kuizungusha damu kwenye mashine ili seli zizame, hakukuwa na kitu chochote kuhusu sampuli yenyewe ilivyoonekana. Nikauliza daftari la mapokezi liko wapi. Likaletwa, kauntabuku la mistari, limechakaa pembeni, linaandikwa na mama mmoja mtu mzima wa maabara ambaye vijana wote wanamwamkia shikamoo na yeye anawaita wanangu.

Ukurasa wa siku ya kliniki ulikuwa na mistari ya namba, saa, na mwisho kabisa safu nyembamba aliyoichora mwenyewe kwa rula, ameiandika MAONI. Kwenye hiyo safu kuna neno moja linajirudia kushuka chini: maziwa, maziwa, kidogo maziwa, safi, maziwa, maziwa. Kurasa za sampuli za bodaboda zilikuwa na maneno mengine: safi, safi, nyekundu kidogo, safi, imechelewa, safi.

Nikamuuliza, "Mama, shikamoo, hii maziwa maana yake nini?"

"Marahaba. Maana yake maziwa, mwanangu. Plazima imepauka, mtu kala mafuta. Niliwaambia hawa madaktari wangu, wakasema mashine itaona."

Na mashine iliona kweli, ila haikujua inaona nini. Mtu akila mafuta, utumbo unayafungasha kwenye vidonge vidogo vinavyoitwa kailomikroni, vinaingia kwenye damu na kwa masaa kadhaa vinakuwa vingi mno. Saizi yao inaanzia kama nanomita 75 na inaweza kupita 1000. Wenzao wanaotoka kwenye ini, VLDL, ni nanomita 30 hadi 80. Angalia tena saizi za vifuko hapo juu. Wamekaa kiti kimoja, na hata mtu asiyekula, lipoprotini, yaani vibeba mafuta hivi vyote kwa pamoja, kwenye damu zinawazidi vifuko kwa mbali sana. Kwa hiyo grafu ile ya WhatsApp kwa sehemu kubwa ilikuwa inatofautisha waliopita kwa mama ntilie na ambao hawakupita.

Yale maneno "nyekundu kidogo" na "imechelewa" nayo yalikuwa na habari yake. Damu ikikaa kabla ya kuspiniwa, tena imetikiswa kwenye boda, chembe sahani, hizi za kugandisha damu, zinaendelea kutema vifuko ndani ya tyubu, na seli nyekundu zikipasuka zinaongeza takataka. Hiyo ilikuwa inawapandisha kundi la kulinganisha. Yaani makosa mawili yanavutana, moja linawapandisha wagonjwa, jingine linawapandisha wazima, na supu ilishinda tu kwa sababu ilikuwa nyingi.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuuzuia muhtasari. Hapa kulikuwa na mvutano wa kweli, mwanafunzi alikuwa na tarehe ya mwisho na alitaka utumwe ukiwa na sentensi ya tahadhari chini. Mtafiti mkuu akakataa, akasema sentensi ya tahadhari hakuna anayeisoma, watu wanasoma grafu. Alikuwa sahihi, na ilimgharimu maelezo marefu kwa wafadhili.

Pili wakarudi kwenye friza. Kitu kizuri walichokuwa wamefanya tangu mwanzo ni kugawa kila sampuli kwenye vijichupa kadhaa kabla ya kugandisha, kwa hiyo kulikuwa na vijichupa ambavyo havijawahi kuyeyushwa. Wakapima ApoB, protini inayokaa kwenye lipoprotini, ambayo miongozo ya kimataifa ya watafiti wa vifuko inaitaja kama kitu cha kupima ili ujue umechafuka kiasi gani. Sampuli za maziwa ziliwaka vibaya. Hapo ubishi ukaisha.

Tatu ndilo lililochukua muda, tusafishe au tuchukue upya? Washirika wa nje walipendekeza kolamu ya kuchuja kwa saizi. Vijana walikuwa tayari kuiagiza na ni hela. Nikawauliza swali moja tu, kolamu inatenganisha kwa nini? Kwa saizi. Na kailomikroni na kifuko saizi zao zikoje? Zimelingana. Kolamu ingeondoa protini za kuelea na lipoprotini ndogo ndogo, hilo ni la maana, lakini mchafu mkuu angepita mlango ule ule na kifuko. Kinachowatofautisha ni uzito kwa ujazo, kailomikroni ni jepesi linaelea hata juu ya maji, kifuko ni kizito kidogo kinazama kati ya gramu 1.10 na 1.19 kwa mililita. Ila kuwatenganisha kwa njia hiyo kunahitaji sentrifyuji ya kasi kubwa, inayofika mara 100,000 ya nguvu ya uvutano, na masaa mengi ya kuizungusha. Kupeleka sampuli nje nako kunataka makubaliano ya uhamishaji, kibali, barafu kavu, na bajeti ambayo haikuwepo.

Wakaamua kuchukua upya watu wakiwa hawajala. Rahisi kusema. Daktari wa kliniki akaweka masharti, na naona alikuwa na haki: huwezi kumwambia mzee wa miaka sabini na kitu, mwingine ana kisukari, atoke Mkuranga usiku bila chai akae foleni mpaka saa nne ili wewe upate grafu nzuri. Mwenye dawa za sukari hafungi mpaka daktari wake akubali. Wengine watolewe damu wa kwanza kabisa, saa moja, na chai iwepo pale pale chumba cha pili, chai na andazi, bajeti ya utafiti. Mabadiliko hayo yakapelekwa kamati ya maadili kwa sababu kibali cha kwanza hakikusema habari ya kufunga, na bila kibali kipya hawakumgusa mtu. Walikuwepo waliokataa, mzee mmoja alisema bila chai kichwa kinamuuma na yeye saratani inamtosha, hataki na kichwa. Akaachwa kwa heshima.

Nne, vikundi vyote viwili vikachukuliwa siku zile zile, chumba kile kile, mikono ile ile, tyubu ya aina moja. Wakaacha ile ya kijani kabisa, maana ile ina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na heparini inavuruga PCR, njia ya kuzidisha nakala ili zisomeke, kama baadaye ungetaka kusoma RNA. Damu inaspiniwa ndani ya saa moja, mara mbili, kwa nguvu mara 2,500 ya uvutano, dakika 15 kila mara, ili chembe sahani zitoke kabla ya kugandishwa. Anayeendesha mashine anaona namba ya siri tu, hajui nani ni nani. Na kila mshiriki anapimwa mRDT siku hiyo na anaulizwa habari ya selimundu, kwa sababu seli nyekundu yenye malaria ya falsiparamu inatema vifuko, na mwenye selimundu naye ana vifuko vingi kuliko kawaida. Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao hawaishi na malaria, hicho lazima ujiongezee mwenyewe.

Tano, na hili ndilo naliona kubwa kuliko yote, daktari wa njia ya mkojo akasema kundi la kulinganisha lenyewe lilikuwa la uongo. Hakuna daktari anayehangaika kutofautisha mwenye saratani na mtu mzima kabisa aliyekuja kupima sukari. Anahangaika kutofautisha wazee wawili wenye PSA iliyopanda, wote wanaamka usiku kukojoa, mmoja ana saratani na mwingine ana tezi iliyovimba kwa uzee. Kwa hiyo kundi jipya likawa la wazee waliochukuliwa kinyama kikarudi hakina saratani.

Kilichotokea

Grafu mpya haikuwa na maboksi yaliyoachana. Idadi ya chembe za makundi mawili ilikaa sehemu moja, zinaingiliana kiasi kwamba huwezi kumwambia mtu chochote kwa namba yake. Karatasi ya dhahabu, baada ya plazima kuwa safi, ilitulia, mistari ikawa inarudiwa sawa ukipima mara mbili, jambo ambalo awali halikuwepo, ina maana ule usuasuaji ulikuwa wa mafuta na wala haukuwa wa karatasi. Lakini iliwaka zaidi kwa baadhi ya wale ambao saratani ilishasambaa, na kwa wale wa mwanzo, ambao ndio unaowatafuta, haikutofautisha. Mtu ambaye saratani imefika kwenye mifupa hahitaji karatasi kujua.

Mwanafunzi alibadilisha mada ya tasnifu ikawa kuhusu utunzaji wa sampuli za vifuko kwenye mazingira ya joto na foleni, na kwa maoni yangu imekuwa kazi bora kuliko ile ya kwanza ingekuwa. Wafadhili waliongeza muda, hela hawakuongeza. Mwenzao mmoja aliondoka akaenda kufanya kazi nyingine. Jina la yule mama wa maabara liliwekwa kwenye orodha ya waandishi, baada ya mabishano mafupi ambayo sitayaeleza.

Nini kilifanya kazi, nini kilifeli

Kilichowaokoa ni kauntabuku na vijichupa vya akiba. Hamna kingine. Mashine ilikuwa sawa, hesabu za takwimu zilikuwa sawa, hata programu iliyochora grafu ilikuwa sawa. Safu ya MAONI haikuingizwa kwenye Excel kwa sababu aliyeunda fomu hakujua itamsaidia nini, na aliyejua itamsaidia nini hakushirikishwa kuunda fomu. Siku hizi nikikagua maabara naanza na daftari la mapokezi kabla ya faili lolote, na nataka safu ya rangi ya plazima iwepo.

Kilichofeli zaidi ni swali. Kuhesabu chembe zote kwenye damu na kutegemea zikuambie saratani ni kutegemea mengi mno kutoka kwa namba moja. Hata wakubwa wameumia hapa. Mwaka 2015 jarida kubwa la sayansi lilichapisha kwamba eksosomu zenye protini ya GPC1 zinatenganisha wagonjwa wa saratani ya kongosho na watu wazima bila kukosea hata mmoja, dunia nzima ikasimama, halafu timu nyingine zilipojaribu kwa njia zao hazikupata utengano msafi ule. Ukiona maboksi mawili yameachana kabisa kwenye kazi ya vifuko, usianze kushangilia, anza kuuliza nani alikula, nani alichelewa, nani aliyewekwa tyubu gani.

Kuna waliosema timu ilipoteza muda kwa kurudia. Siwaelewi. Kama ule muhtasari ungetoka, na gazeti likaandika kipimo cha saratani ya tezi dume chapatikana Dar, wangapi wangeacha kliniki kusubiri hicho kipimo? Wazee wanaokimbia kidole wanatafuta sababu moja tu ya kutorudi.

Kitu kimoja sikubaliani nacho mpaka leo ni kuendelea kushikilia karatasi ya PSMA peke yake. Protini moja haibebi habari ya kutosha, na kipimo kile cha Marekani chenyewe kinasoma jeni tatu kwa pamoja. Ningeanza na kutafuta ni protini gani ziko kwenye vifuko vya wagonjwa wa hapa hapa, halafu ndiyo nitengeneze karatasi. Wao wameanza na karatasi kwa sababu karatasi inaonekana kwenye ripoti. Naielewa presha, ila bado.

Wamehamia kwenye mkojo

Sasa hivi wako kwenye mkojo, na hoja ipo, mkojo wa kawaida hauna kailomikroni, hauhitaji sindano, na tezi dume iko jirani na njia yake. Lakini mkojo nao una wakorofi wake. Kuna protini moja ya figo, uromodulini, inajisuka nyuzi nyuzi na kunasa vifuko, usipoijua unavitupa pamoja nayo. Mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi unazimuliwa, kwa hiyo lazima upime kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, ili ulinganishe vizuri.

Na kuna kichocho. Pwani hii mzee wa miaka 65 anaweza kuwa na kichocho cha kibofu cha tangu utotoni, damu inavuja kwenye mkojo, na damu ikishaingia mnarudi pale pale pa seli nyekundu na chembe sahani. Kwa hiyo kila mshiriki anapimwa kichocho kwanza. Tatizo ni saa: mayai ya kichocho yanatoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, wakati mkojo wa kupima vifuko wanauchukua asubuhi mapema. Wakajaribu kutumia chupa moja kwa yote mawili, ikawa inakosa mayai. Sasa kila mzee anapewa chupa mbili, moja ya saa moja yenye kifuniko cha bluu inaenda kuspiniwa, na nyingine ya saa sita yenye kifuniko cheupe inaenda kuchujwa iangaliwe mayai, na katikati ya hapo ni ruksa kwenda kunywa supu.